Kamati ya Maafa Ipo, Lakini Ufunguo Uko kwa Nani?

Wiki hizi wengi mnanipigia simu mkiuliza mbegu ya SARO 5, mbolea ya ruzuku na bei ya kulimiwa kwa trekta. Hayo tutayazungumza, makala yake inakuja. Leo naomba niweke mbegu pembeni niseme jambo linalonikaa rohoni kila ikifika mwezi wa kumi, kabla mvua za Msimu hazijaanza. Ni maoni yangu binafsi kama bwana shamba, si tamko la ofisi.

Swali lenyewe ni hili: serikali zetu za mitaa, yaani kijiji, mtaa, kata na halmashauri, zina uwezo gani wa kupunguza madhara ya maafa kabla maji hayajafika mlangoni? Na huo uwezo tunaupimaje?

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma, kabla sijahamia huku, nilikuwa kituo kingine kwenye kata moja ya bondeni ambayo sitaitaja. Mtendaji wa kata alikuwa likizo, mimi nikakaimu. Siku moja saa nne asubuhi likaingia dodoso kwa WhatsApp kutoka juu: "Tathmini ya uwezo wa kata katika kukabiliana na maafa. Lijazwe na kurudishwa leo kabla ya saa tisa." Maswali zaidi ya ishirini, pembeni kuna Ndiyo na Hapana. Mimi nilikuwa shambani kwa watu, kwenye shamba darasa, miguu kwenye tope. Nikakaa chini ya mwembe, nikajaza.

Je, kata ina kamati ya maafa? Ndiyo. Majina yalikuwa yamebandikwa ukutani ofisini. Je, upo mfumo wa tahadhari ya awali? Ndiyo, tulikuwa na grupu la WhatsApp. Je, lipo eneo salama la kuhamishia watu? Ndiyo, shule ya msingi iko mwinukoni. Je, upo usafiri wa dharura? Ndiyo, kwani mitumbwi si ipo mtoni? Nikatuma. Saa nane hivi nikajibiwa "Asante kwa ushirikiano", na kata yetu ikahesabiwa miongoni mwa zilizo vizuri.

Msimu uliofuata mto ulifurika usiku. Taarifa niliiona kwenye grupu saa mbili usiku, nikaisambaza na mimi kwenye magrupu mengine mawili, nikaona nimemaliza kazi. Ila mnajua wenyewe maisha ya bondeni. Mpunga ukishika, watu wanahamia mashambani kulinda ndege na nguruwe pori. Wanalala dunguni. Simu haina chaji, mtandao unashika ukipanda kichuguu. Grupu lilikuwa limejaa watumishi, madiwani na wenye maduka. Watu waliotakiwa kuipata ile taarifa hawakuwamo hata mmoja.

Waliofanikiwa kutoka walikimbilia shuleni, wakakuta geti limefungwa. Mlinzi mwenye ufunguo alikuwa amekwenda msibani kijiji cha pili. Watu walisimama na watoto kwenye mvua mpaka vijana walipovunja kufuli. Mitumbwi ilikuwepo kweli, lakini ni ya wavuvi, na hakuna aliyewahi kuongea na wavuvi hao wala kukubaliana nao.

Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini mama mmoja mtu mzima, mkulima wangu wa mstari wa mbele, alikesha juu ya dungu na wajukuu wawili, maji yakipita chini yao. Mvuvi ndiye aliyemtoa asubuhi. Ekari zake tatu zilikuwa kwenye hatua ya kuchanua, zikaondoka zote. Nilipomkuta shuleni nikamwamkia, akaitika, akaniangalia, akaniuliza neno moja tu: "Bwana shamba, mlijua?"

Sikuwa na jibu. Tulijua. Na mimi ndiye niliyeandika kwamba tuko tayari.

Nasimulia haya kwa sababu najua sikuwa peke yangu. Nimeongea na watendaji na maafisa ugani wenzangu wa sehemu mbalimbali, wengi wanacheka kwa aibu, kila mmoja anayo tiki yake. Hatukuwa na nia mbaya. Dodoso linauliza kitu kama kipo, halikuulizi kama kinafanya kazi. Na ubaya wake ni kwamba alama nzuri ndizo zinazokuponza. Kata inayoonekana iko vizuri haipewi mafunzo wala vifaa, vinapelekwa kwenye kata iliyosema ukweli.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu wengine hudhani haya ni hisani ya mwenyekiti. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, iliyofuta ile ya mwaka 2015, imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata mpaka kijiji na mtaa. Uratibu wa kitaifa uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Dunia nayo, tukiwemo sisi, ilikubaliana mwaka 2015 kule Sendai, Japani, mpango unaokwenda hadi 2030: kwamba serikali zisisubiri maafa ndipo zigawe mablanketi, bali zipunguze hatari mapema, na kwamba ngazi za chini zipewe nguvu ya kufanya hivyo. Kwa hiyo upande wa karatasi hatuna upungufu mkubwa. Pengo liko kati ya karatasi na dungu.

Ushahidi wa gharama ya pengo hilo tunao. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake pale Kilosa, jirani zetu kabisa, maelfu ya watu wakakosa makazi na reli ya kati ikakatika. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Miezi michache baadaye, Aprili 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za El Niño za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kujeruhi 236, na kwamba kaya zaidi ya 51,000 zilikuwa zimeathirika. Bonde letu la Kilombero na ndugu zetu wa Rufiji kule chini tulikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Hapa Kidatu jambo moja halisemwi vya kutosha: maji yetu si ya aina moja. Yako ya aina tatu, na kila moja inataka maandalizi yake.

Kwanza ni mito ya mlimani, inayoshuka kutoka Udzungwa kupita Sanje, Msolwa, Mang'ula mpaka Lumemo kule Ifakara. Mvua ikinyesha juu, huku chini jua linaweza kuwa linawaka, na maji yakafika ndani ya saa chache yakiwa na magogo na mawe. Hapa tangazo la kesho halisaidii. Anahitajika mtu aliye juu mwenye simu, na mtu aliye chini mwenye filimbi.

Pili ni Mto Kilombero wenyewe na tambarare yake. Huo unapanda polepole, siku hadi siku, wiki hadi wiki. Muda upo. Tatizo ni kwamba tunazoea. Tunasema "mwaka jana yalifika kwenye mkuyu yakarudi", mpaka mwaka ambao hayarudi.

Tatu ni Ruaha Mkuu, wenye bwawa la Mtera huko juu na bwawa letu la Kidatu linalozalisha umeme wa megawati 204. Bwawa husaidia kushika maji ya kawaida, lakini mvua ikizidi ni lazima maji yaachiwe, hiyo ndiyo kazi ya milango yake. Anayelima ukingoni anatakiwa ajue taarifa ya kuachia maji itamfikia kwa njia gani na kutoka kwa nani. Tena ng'ambo ya daraja ni wilaya ya Kilosa, huku ni Kilombero. Maji hayasomi mpaka wa wilaya. Je, mtendaji wa huku anayo namba ya mtendaji wa ng'ambo?

Ukitumia dodoso moja kwa maji ya aina zote hizi, utapata jibu moja lisilomfaa yeyote.

Mimi napendekeza tubadilishe namna ya kupima. Tusianzie halmashauri kwa Ndiyo na Hapana. Tuanzie kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu wetu unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Ule wa kabla ya Msimu uwe na ajenda ya maafa, na wananchi wenyewe waulize maswali sita yafuatayo. Ukiweza yaandike kwenye daftari uende nayo.

1. Taarifa ya hali ya hewa inapokelewa na nani, na inamfikiaje mtu aliye dunguni? Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa utabiri wa Msimu, wa Novemba hadi Aprili, na kila siku hutoa angalizo au tahadhari pale inapobidi. Taarifa ipo. Nataka nisikie jina la kijana mwenye pikipiki au filimbi anayekwenda mashamba ya mbali, na jina la mbadala wake akiumwa.

2. Ufunguo wa shule, zahanati au ghala tutakalokimbilia uko kwa nani, na wa pili uko wapi? Nimekwisha sema kwa nini nauliza.

3. Iko orodha ya wasioweza kukimbia wenyewe? Wazee, wajawazito, wenye ulemavu, wagonjwa. Wajumbe wanawajua wote kwa majina. Iandikwe, na kila jina liwekewe jirani wa kumbeba.

4. Wenye mitumbwi, pawatila na bodaboda wamekubaliana nini na kijiji? Nani atalipia mafuta? Hilo lisipojibiwa mchana, usiku litajibiwa kwa kelele.

5. Daftari la mashamba liko sahihi? Hapa naisema idara yangu. Mafuriko yakipita, tunatumwa kufanya tathmini ya hasara. Kama hatukuwa na rekodi ya nani amelima wapi, ekari ngapi na zao gani, aliyelima ekari moja atasema tano na mjane aliyelima tano hataandikwa kabisa. Tangu mbolea ya ruzuku ianze msimu wa 2022/23 wakulima wameandikishwa. Tulihuishe daftari hilo kila Desemba, lisiwe la mbolea peke yake.

6. Fedha ya dharura iko kwenye mstari gani wa bajeti? Kila mtu anajua halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, kwa sababu ilisemwa ikasikika. Mstari wa maafa nao usomwe hadharani. Kama ni sifuri, tuambiwe ni sifuri.

Baada ya maswali, lifanyike jaribio. Siku moja ya kawaida, bila kutangaza, mtendaji atoe taarifa ya mfano, tuangalie saa. Inachukua muda gani kufika dungu la mwisho? Kama ni dakika arobaini, andika arobaini. Kama haikufika kabisa, andika haikufika. Hiyo ndiyo tathmini ya uwezo. Idadi ya semina na majina ukutani ni mapambo.

Na hayo majina ukutani, hebu yaangalieni tena. Tarehe 27 Novemba 2024 tulichagua wenyeviti na wajumbe wapya. Je, kamati ziliundwa upya, au ukutani bado wako wa uchaguzi wa 2019? Watumishi nao wanahama. Mimi mwenyewe nilihama, na sikumbuki kama jina langu lilifutwa kule.

Najua kuna viongozi watasoma na kusema, "Bwana shamba, wewe unaongea tu, hela hakuna." Wana haki yao. Nimekaimu, najua mtendaji anavyoweka mafuta kwenye pikipiki kwa mfuko wake. Yapo mambo ambayo kijiji hakiwezi: kalavati linalozibwa kila mwaka ni la wakala wa barabara, kujenga tuta la mto si kazi ya jembe la mkono, na vipimo vya kina cha mito viko kwa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Haya tuyadai juu, tena kwa maandishi, kwenye muhtasari wa mkutano. Muhtasari uliosainiwa una nguvu kuliko lawama za kijiweni.

Lakini rudia maswali yangu sita. Ufunguo wa pili ni bei ya soda mbili. Filimbi, daftari, makubaliano na wavuvi, namba ya mtendaji wa ng'ambo. Vitu hivi havijashindikana kwa umaskini. Vimeshindikana kwa sababu hakuna anayevikagua.

Mfano ni Bangladesh. Si nchi tajiri, na ni tambarare ya mito na bahari. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Baada ya hapo wakaandaa watu wa kujitolea vijijini, maelfu kwa maelfu, wenye bendera na vipaza sauti vya mkononi, wanaopita nyumba kwa nyumba, pamoja na majengo ya kukimbilia. Mwaka 2007 kilipokuja kimbunga kikali cha Sidr, waliokufa walihesabiwa kwa maelfu machache. Bado ni msiba mkubwa, lakini linganisha. Kilichobadilika sana ni kwamba taarifa ilikuwa na miguu ya kuifikisha kwa mtu wa mwisho.

Nisimalize bila kutusema na sisi wakulima, maana tukimnyooshea mtendaji kidole kimoja, vitatu vinatuangalia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tunalima mpaka majini, tunakata matete na miti inayoshika kingo, halafu mto ukipanuka tunashangaa. Wanaopanda miwa wanaziba mitaro ya maji ili waongeze mistari miwili. Mkutano ukiitwa, hatuendi, tunasubiri kusimuliwa. Kamati ya maafa hailali kijijini peke yake, tumeilaza wote.

Kwa upande wa shamba, mambo ya kufanya mwezi huu na ujao ni haya. Ukiweza usiweke ekari zako zote bondeni, gawa, nyingine iwe mwinukoni. Mbegu ya mwakani na chakula cha nyumbani visilale dunguni. Panda mapema na mbegu bora inayokomaa mapema kuliko zile ndefu za asili, ili maji makubwa ya Machi na Aprili yakikuta, mpunga uwe umesogea. Ukivuna usirundike gunia shambani ukisubiri bei, pandisha mzigo barabarani. Safisha mtaro wako kabla ya mvua ya kwanza. Na kila anayelala dunguni aache nyumbani maelezo ya shamba liliko na namba ya jirani wa shamba.

Mimi nimeanza na langu. Msimu huu, kabla sijasaini dodoso lolote, nitakwenda kuishika ile funguo kwa mkono wangu na kuijaribu kwenye kufuli. Nimemwomba mtendaji twende wote. Kama haifungui, nitaandika Hapana, na aliye juu akiniuliza kwa nini ninamharibia alama, nitamsimulia habari za yule mama.

Tulipoachana siku ile aliniambia, "Mwanangu, mpunga nitapanda tena. Ila safari nyingine mkijua, niambieni."

Mkutano wa kijiji chako ni lini? Uliza leo. Tukutane huko, halafu tukutane shambani.